Kisanduku cha Mumina

Ukitoka stendi ya malori ya Merti ukielekea posta ya Isiolo, utakuta benchi ambalo halikuzaliwa benchi. Ni bodi ya nyuma ya lori aina ya Bedford, ile inayofungia mizigo, imelazwa juu ya rimu mbili zenye kutu na imekaliwa mpaka rangi imehamia kwenye suruali za watu. Upande mmoja Mama Kabale ana jiko la makaa na birika la kahawa ya tangawizi. Upande wa pili karani Muiruri ana meza, taipureta na kiti chenye mto. Mwaka ni 1982, mwezi wa sita, wiki ya kwanza ya Kombe la Dunia kule Hispania, na Ramadhani imebakiza siku chache, kwa hiyo Waislamu wa bodini wanakunywa kahawa ya asubuhi kana kwamba inapigwa marufuku. Wanawake hununua kahawa hapo, hawaketi. Hakuna aliyewahi kusema hivyo, ila ndivyo ilivyo.

Desturi ya bodini ni kwamba fomu hujazwa kwa sauti. Muiruri husoma swali, mwenye fomu hujibu, na waliokaa ni mashahidi. Ukipunguza umri wako kuna mtu atakukumbusha ulizaliwa kiangazi gani. Watu wa bodini walimwita Muiruri Jaza, maana fomu yenye nafasi wazi haikuwahi kutoka mezani kwake. Hata palipoandikwa "usiandike hapa", Jaza aliwahi kuandika "sawa".

Asubuhi hiyo mwenye fomu alikuwa Dahir, muuza nguo, mtu mrefu mwenye ndevu za hina. Fomu yenyewe hasa ilikuwa ya binti yake, Mumina, aliyefaulu kidato cha sita akapata nafasi katika chuo kimoja huko Texas, Amerika, na chuo kimekubali kumlipia kila kitu. Karatasi moja tu ilibaki, na begi la posta lilifungwa saa tano. Mumina alikuwa dukani akiuza vitambaa. Baba yake ndiye aliyekuja kumjibia, na wala hakufikiri kwamba kuna neno la ajabu katika hilo.

Walienda vizuri mpaka swali la kumi na nne. Jaza akavua miwani, akaipangusa, akaivaa tena.

— Weka alama kwa kisanduku kimoja tu, akasoma akitafsiri. Mzungu, asiye wa asili ya Kihispania. Mweusi, asiye wa asili ya Kihispania. Mhispania. Mwasia au mtu wa visiwa vya Pasifiki. Mhindi Mwekundu.

— Soma tena, Dahir akasema.

Akasoma tena. Haikuwa afadhali.

— Sasa hawa Wahispania wamefanya nini? Dahir akauliza. Mbona kila mtu anaulizwa kama si wao?

— Pengine ni ugonjwa, akasema Akaale.

Akaale alikuwa mnunuzi wa ngozi, Mturkana aliyesoma mpaka darasa la tatu, na kwa sababu hiyo waliobaki darasa la pili walimwita Profesa.

— Ugonjwa gani, wewe! Hao ndio wenye Kombe la Dunia! akaruka Arero. Wako hapa!

Akapiga redio yake ndogo kofi, nayo ikakoroma. Arero alikuwa dereva wa lori la Biliqo, na tangu Jumatatu, Brazil ilipowapiga Warusi, hakuitikia jina jingine ila Brazil.

— Kama ni watu wa Hispania, akasema Jaza, basi ni Wazungu. Mbona wamepewa kisanduku chao peke yao?

— Si wale wa Ulaya, akasema Arero. Ni wale wa Amerika ya chini. Argentina, Peru, Honduras. Redio inasema wao ni watu ya Amerika ya Kilatini. Latino.

— Na Brazil yako?

— Brazil ni Latino namba moja.

— Kwa hivyo ni Wahispania.

— Hapana! Brazil wanasema Kireno!

Jaza akashika rula, kama anayetaka kupiga mstari katikati ya dunia.

— Ngoja. Mtu wa Hispania ni Mhispania, lakini si Latino, kwa sababu yeye ni wa Ulaya. Mtu wa Brazil ni Latino, lakini si Mhispania, kwa sababu ya lugha. Na wa Peru ni zote mbili. Ngai! Na yule mweusi wa Brazil anayecheza mbele, yeye anaingia wapi?

— Anaingia kwa goli, akasema Arero.

Walicheka wote isipokuwa Dahir. Dahir alikuwa anaangalia saa ya Jaza, na mkono wa saa haukuwa na utani.

— Mimi nataka kujua kitu kimoja, akasema. Kisanduku gani hakitamfungia mtoto wangu mlango?

— Hiyo ni rahisi, akasema Akaale. Tutafute kwanza maana. Kilatini ni lugha gani? Ni ile ya misa ya zamani. Mimi padri alinibatiza kwa Kilatini mwaka wa hamsini na tisa, maji kwa kichwa, hii mkono hapa, maneno yote Kilatini. Kwa hivyo Latino ni mtu aliyebatizwa Kilatini. Mimi ni Latino.

— Mturkana wa Kilatini! Mama Kabale akasema kutoka jikoni, akaacha kupuliza makaa ili acheke vizuri.

— Cheka tu. Nioneshe aliyebatizwa zaidi yangu.

— Sio ubatizo, ni lugha, Jaza akang'ang'ana. Mhispania ni mtu anayesema Kihispania. Mwisho.

— Haya, akasema Arero. Wewe sasa hivi unasema lugha gani?

— Kiswahili.

— Basi wewe ni Mswahili.

Jaza akasimama, na mto ukaanguka.

— Mimi? Mimi Muiruri, mtu wa Karatina, baba yangu anajulikana, babu yangu anajulikana, shamba letu lina mipaka! Mswahili wa nini? Niite tena uone!

— Nilidhani umesema ni lugha. Mwisho.

— Hiyo ni ya kwao! Sisi hapa kuna kabila!

— Kabila ya nani? Mama Kabale akauliza.

Aliuliza polepole, lakini wote wakamgeukia, kwa sababu Mama Kabale hakuwa na kawaida ya kuingia katika mabishano yao. Alikuwa anasuuza vikombe, mgongo wake kwao.

— Mama yangu alikuwa Msakuye. Watu ya ngamia. Wakati wa vita vya shifta ngamia zikaisha, tukakuja mjini mikono mitupu. Karani akaniuliza kabila, nikasema Sakuye. Akasema hiyo haiko kwa karatasi. Akaandika Borana. Na mimi nasema Kiborana, mume wangu alikuwa Borana, sina ubaya na Borana. Lakini yeye hakuniuliza mara ya pili.

— Huyo karani hakuwa mimi, Jaza akasema haraka.

— Sikusema ni wewe.

Akawajazia vikombe. Kwa muda kila mtu alikunywa kahawa yake kwa adabu. Kisha Akaale, ambaye ukimya ulimuwasha kama upupu, akainama juu ya fomu akapiga paja lake.

— Lakini nyinyi ni vipofu? Jibu liko hapa! Mwasia! Dahir, waryaa, baba yako ameshinda! Kisanduku chake kimekuja kutoka Amerika!

Hapo Dahir alihisi masikio yake yanapata moto.

Mji mzima ulimwita Dahir Asia, na hilo jina alilichukia kuliko deni. Baba yake alikuwa Msomali wa Kiisahakia, mmoja wa askari waliopewa makao Isiolo baada ya vita vya kwanza vya Wazungu. Serikali ya mkoloni ilipoanza kupanga watu kama magunia, huyu Mzungu, huyu Mwasia, huyu mwenyeji, wazee wa Kiisahakia waliona wazi kwamba wenyeji ndio waliowekwa chini ya rundo. Wakadai waandikwe Waasia. Waliandika barua mpaka kwa mfalme. Baba yake Dahir alizihifadhi nakala zake ndani ya debe la biskuti, na alizisoma Ijumaa baada ya swala, kwa sauti, kama mtu anayewasomea wanawe urithi.

— Usicheze na baba yangu, Akaale.

— Sichezi. Nasaidia.

— Unasaidia! Mnajua hiyo Asia ilinifanyia nini? Nilikuwa na miaka tisa. Baba alinipeleka shule ya Waafrika hapa. Mwalimu akaangalia daftari yake, akasema, nyinyi si mmedai ni Waasia? Nendeni kwa Waasia. Tukapanda lori mpaka shule ya Wahindi, mbali, nimevaa viatu vya kaka yangu. Yule bwana akaniangalia usoni, hakuangalia hata barua. Akasema, huyu ni Msomali. Nikarudi. Miaka miwili nilichunga mbuzi nyuma ya hii posta, naona watoto wakienda shule na vibao vyao. Miaka miwili! Kwa sababu ya neno! Baba alitaka neno litufungulie, na neno likanifungia mimi nje!

Alikuwa amesimama bila kujijua. Kahawa ilimwagika kwenye kanzu yake na hakuifuta.

— Na leo mtoto wangu, kichwa kama kile, ananiletea karatasi, na karatasi inamuuliza vilevile! Kama ni mweusi, ni mweusi wa namna gani! Akikosea hapo, nani atamsikiliza? Nani?

Alikuwa na haki, na mwenye haki akipiga kelele huna la kumfanya.

— Mimi ningeweka Mhispania, akasema Arero baada ya kukohoa. Hapana, sikia. Hawa wamepewa kisanduku chao, maana yake kuna watu wanawatafuta. Mumina ana nywele laini, ana rangi ya maji ya kunde. Nani atajua?

— Nimtume mtoto wangu Amerika kwa uongo?

— Si uongo. Hata wao hawajui ni nani.

— Hapana, wallahi.

— Tungepata Mzungu wa kumuuliza, akasema Jaza. Saa nne na nusu hii.

Mama Kabale akainua shingo.

— Sista Mwitaliano yule anakuja. Muulizeni yeye.

Sista Amparo alikuwa muuguzi wa misheni. Alikuja kila Alhamisi kununua kahawa ya kuchukua kwenye chupa, na kila Alhamisi walimsalimia, akawasalimia, akaenda zake. Alikuwa mnene kidogo, wa makamo, mwenye nyusi nzito na rangi ya mkate uliokaa ndani ya tanuri dakika mbili zaidi. Watoto wawili wa mwisho wa Dahir walizaliwa mikononi mwake.

— Habari za asubuhi, akasema.

— Mzuri, Sista. Sista, nyinyi Waitaliano mnajua mambo ya hawa watu? Jaza akamwonyesha kidole kwenye fomu. Hawa Wahispania. Ni watu gani hasa?

Sista akasoma. Alisoma muda mrefu kuliko maneno yalivyostahili. Kisha akaweka chupa yake chini.

— Ni mimi, akasema.

— Wewe ni nini?

— Hiki. Akagusa kisanduku cha tatu kwa ukucha. Hapa ndipo waliniandika.

— Lakini wewe ni Mwitaliano! akasema Arero, karibu kumgombeza.

— Mimi ni mtu wa Kolombia. Kwetu ni kijiji cha mtoni, karibu na bahari kubwa ya upande ule. Bibi yangu alikuwa mweusi kuliko Bwana Akaale. Babu yangu alikuwa wa wenyeji wa msituni. Kihispania tunasema, ndiyo, na kwetu hakuna mtu alikuwa Mhispania. Kulikuwa na watu wa mto na watu wa mlima, na tulidharauliana vizuri sana. Hili neno nililipata Amerika, nilipoenda kusoma uuguzi na kaka yangu. Bwana mmoja mezani aliniangalia akaweka alama hapa. Akamwangalia kaka yangu, ambaye alimfuata bibi kwa rangi, akaweka alama pale.

Ukucha wake ukahamia kisanduku cha pili. Mweusi, asiye wa asili ya Kihispania.

— Baba mmoja? akauliza Dahir.

— Baba mmoja, mama mmoja, kitanda kimoja. Kaka akamwambia kwa Kihispania, bwana, huyu ni dada yangu. Bwana akasema, zungumza Kiingereza.

Akaale alitoa tusi la Kiturkana ambalo Sista, kwa bahati au kwa wema, hakulijua.

— Huo ni wizi! akasema Jaza. Hata mimi, na njaa yangu yote, sijawahi kumgawa mtu na dada yake!

— Na mlango, Sista? Dahir akasogea karibu. Mlango wa nani ulifunguka?

— Wangu ulifunguka. Wake ulifungwa, akarudi nyumbani. Lakini sijui kama ni kisanduku, au ni sura, au ni yule bwana tu. Ningejua ningekuambia, Baba Mumina. Sijui.

Dahir alikuwa ametegemea jibu. Alimwangalia yule mwanamke na akaona jinsi alivyochoka, na akaona kwamba hakuwahi kumwangalia.

— Miaka sita niko hapa, Sista akaendelea, na sasa sauti yake ilikuwa na ukali wa kwake mwenyewe. Mnaniita Mwitaliano. Sokoni, hospitali, hapa. Nani aliwaambia?

— Masista wote wa misheni ni Waitaliano, akasema Arero.

— Nani alisema?

— Ndivyo tunavyowaita.

— Eh. Ndivyo yule bwana wa mezani naye alivyosema.

Wakatazama ndani ya vikombe vyao, kila mmoja kama aliyeangusha kitu humo. Dahir aliona aibu, aibu ya kweli. Huyu mwanamke alikuwa amemshikia mwanawe miguu juu mpaka akalia, naye alikuwa amerudi nyumbani akasema, Mwitaliano amefanya kazi nzuri. Alikuwa na hasira na dunia nzima tangu saa tatu, na kumbe naye alikuwa na rula yake.

— Na Mumina mwenyewe, Sista akauliza, amesema aandikwe nini?

Jaza akamwangalia Dahir. Dahir akamwangalia Jaza. Arero alizima redio, ingawa ilikuwa haisemi kitu. Mambo yote yalikuwa yameguswa, Hispania, Brazil, padri, mfalme, ngamia, lakini hilo halikuwa limeguswa, na binti mwenyewe alikuwa hatua mia mbili kutoka hapo akipima kitambaa kwa mkono.

Hakukuwa na haja ya kumwita. Alikuwa anakuja, buibui likipepea, vumbi limemshika pindoni.

— Salaam aleikum. Habari zenu. Sista, habari. Aabo, bado? Robo saa tu, begi linafungwa!

Dahir akafungua mdomo. Swali alikuwa nalo, lakini kila alivyolipanga lilitaka kutoka kwa sauti ya askari wa kizuizi cha barabara: wewe ni kabila gani? Maisha yake yote hakuwahi kusikia likiulizwa kwa namna nyingine. Akalimeza. Akachukua fomu mezani kwa Jaza, akachukua na kalamu, akampa.

— Kuna mahali hapa, akasema. Ni pako.

Mumina akasoma akiwa amesimama. Akawatazama mmoja mmoja, wazee wazima, mate ya mabishano bado yakiwa ndevuni.

— Ni hiki tu kimewakalisha tangu saa tatu?

Hakungoja jibu. Aliinama juu ya meza, mgongo kwao, na kalamu ikaenda. Ilienda muda mrefu kuliko alama moja inavyohitaji. Kisha akakunja karatasi, akaitia ndani ya bahasha, akaramba gundi, na kabla Jaza hajatafuta miwani yake msichana alikuwa ameshavuka barabara.

— Ameandika nini? Jaza akapiga kelele. Haijasomwa! Fomu yangu haijasomwa kwa sauti!

— Mhispania! akasema Arero. Niliona kiwiko!

— Kiwiko kinasema nini, wewe? akasema Akaale. Ameandika Asia, kwa heshima ya babu yake!

— Ameandika maneno, akasema Mama Kabale. Ameandika kitu hakiko kwa karatasi.

— Wataikataa! Jaza akashika kichwa. Watasema imetoka kwa meza yangu! Dahir, mfuate! Utampata kabla ya ngazi, mfuate umuulize!

Dahir alisimama. Hofu ilikuwa palepale alipoiacha akiwa na miaka tisa, na viatu vya kaka yake vilikuwa bado vinampwaya. Angeweza kumfikia. Miguu yake ilikuwa mirefu, na msichana hakuwa anakimbia, alikuwa anatembea tu haraka, bahasha mkononi, bila kugeuka nyuma. Akapanda ngazi ya kwanza ya posta, ya pili, akaingia.

Dahir akaketi.

— Ataniambia akipenda, akasema.

— Na usipoambiwa? Jaza akauliza.

— Basi sitajua! Kwani lazima nijue? Lazima nani ajue?

Jaza alibaki akinung'unika na rula yake. Mama Kabale akainua birika, akalitikisa, likawa tupu, akasema ngojeni niweke lingine. Sista Amparo aliinama kuchukua chupa yake aondoke. Dahir akasogea upande, akamsukuma Arero kwa nyonga, akapangusa ile bodi kwa kiganja mpaka vumbi likaisha.

— Keti, Sista, kahawa inakuja. Huo mto wa kwenu, unaitwaje?